Matanga ya Mashavu

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Leo wametupunguza. Ndilo neno walilotumia, "kupunguzwa", kama vile tulizidi kwenye chungu. Meneja alipanda juu ya kreti la soda, mvua inamnyeshea kichwani, akatuambia kiwanda cha kamba kimepata mnunuzi, uchumi sasa ni huria, na dunia haitaki tena kamba ya mkonge, inataka nailoni. Akauliza nani ana neno. Nikasema ninalo: zile dayari mlizotuahidi Januari ziko wapi? Watu wakaangua kicheko. Karani akaenda stoo akaniletea hii moja, imeliwa pembeni na panya.

Ukurasa wa kwanza una nafasi ya jina. Nimeandika: Mashavu, Mama Mustafa, msokotaji, Korogwe. Nilitaka kuandika "mstaafu" nikaona hapana. Sijastaafu, nimefukuzwa kwa adabu.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua. Nimeamka alfajiri kwenda kazini, nikavaa na viatu. Nikakumbuka mlangoni. Nikarudi nikachemsha chai.

Jumapili, 9 Aprili

Dorkasi amekuja akitoka kanisani. Huyu ndiye jirani yangu wa mashine. Miaka yote yeye alisimama kushoto, mimi kulia, tukipiga kelele kusikilizana maana mashine zilikuwa na mdomo kuliko sisi. Hata leo, sebuleni kwangu, pako kimya, bado tunaongea kwa kupayuka. Majirani wanadhani tunagombana.

Nimemwonyesha nilichochukua siku ya mwisho. Ile picha.

Ilikuwa imening'inia juu ya dirisha la kulipia mishahara. Kalenda ya wanunuzi wa Ulaya, ya zamani sana, miezi yote imeshachanwa imebaki picha tu. Chombo cheupe baharini, matanga mawili yamejaa upepo, na juu yake watu wa familia moja: bibi, watoto, mwanamume amevua viatu. Hakuna anayefanya kazi. Wanakula embe au kitu kama embe. Msimamizi wetu alikuwa akituambia, "Mnaona? Kamba zenu ndizo zinazoshikilia matanga hayo." Basi kila mwisho wa mwezi nilikuwa naitazama ile familia na kuwaambia moyoni, kuleni, nimewashika.

"Umeiba mali ya kiwanda," Dorkasi akasema.

"Nimeipunguza," nikamjibu.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua. Barabara ya Handeni imekatika tena. Singa za mkonge bado zinanitoka kifuani nikikohoa.

Jumanne, 2 Mei

Kiinua mgongo kimetoka. Kabla sijafika nyumbani kilikuwa kimeshajulikana mtaa mzima, na kila mtu anajua matumizi yake. Mwanangu Mustafa, anayeuza mitumba hapa sokoni Korogwe, anataka ninunue mashine ya kusaga. Binti yangu Maryamu, mwenye duka Kabuku, ametuma salamu kwamba friji la soda linalipa haraka. Kaka yangu Mdoe, Misima, anasema niende nikajenge karibu naye, nitulie, nilee kuku.

Nimewasikiliza wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mgongo wenyewe unasemaje.

Alhamisi, 11 Mei

Siku ya pili ya Idi. Wamekuja wote kwangu, na nimefanya kosa moja tu, la kusema ukweli kabla watu hawajashiba.

Niliwaambia hivi: "Mwezi wa nane, mvua zikiisha na mahindi yakiwa ghalani, nakodi yoti Pangani. Yoti ni chombo cha matanga, cha starehe. Tutakwenda wote, tule, tulale juu ya maji siku nzima, turudi. Ni likizo yangu."

Kijiko cha Mustafa kikasimama njiani.

Kaka Mdoe akapangusa mdomo taratibu. Yeye ndiye mkubwa wetu, anasema kama anayesoma hukumu. "Likizo ya nini, Mashavu? Si umeshafukuzwa kazi?"

"Nataka zile za nyuma."

Maana kila mwaka walipotupa likizo, mimi niliiuza. Ilikuwa inaruhusiwa, unachukua fedha badala ya siku, unaendelea kusokota. Bati zilizo juu ya nyumba ya kaka Mdoe ni likizo yangu. Cherehani aliyoanzia maisha Maryamu ni likizo yangu. Mustafa amesoma likizo zangu nne, na kidato cha tatu akakirudia, kwa hiyo tano. Niliyataja yote hayo mbele yao, moja moja, na wala sikuona haya.

"Bahari si ya Wazigua wa Misima," kaka akasema.

"Ya nani?"

"Ya samaki."

Dorkasi, niliyemwalika pilau, akacheka mpaka akajifuta kwa kanga yangu. Kaka hakucheka. "Mimi kama mkubwa sijakupa ruhusa."

"Ruhusa imetolewa nchi nzima, kaka! Husikii watu wanavyosema? Mitumba ruksa, vioski ruksa, vyama ruksa, mpaka video za ngumi pale stendi ruksa. Ni Mashavu peke yake ndiye asiye ruksa?"

Hapo nikasema lile lililokuwa linanikaba. Nikawauliza, mara ya mwisho sote tulikaa jamvi moja ilikuwa lini? Kumzika mama. Na kabla ya hapo? Kumzika baba yao Mustafa. Hata leo Idi nimewapata kwa sababu wamesikia kiinua mgongo kimetoka. "Nawaambia wazi, nataka mnikusanyikie nikiwa na pumzi. Sitaki kungoja nifungwe sanda ndipo mje na magunia ya maharage."

"Unajitabiria kifo siku ya Idi," kaka akasema. Akanawa mikono, akaondoka, pilau ameiacha nusu. Kaka Mdoe! Anayelamba sahani!

Ijumaa, 12 Mei

Nimekula ile nusu.

Jumamosi, 20 Mei

Nimempata Habakuki stendi. Alikuwa dereva wa kiwanda, alipunguzwa kabla yetu, sasa yuko Pangani analinda yoti ya mzungu mmoja aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge. Mzungu amerudi kwao, amemwachia aikodishe kwa watalii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo yoti yako naitaka mwezi wa nane."

Akadhani nimetumwa na mtu. Nilipomweleza akakuna kichwa. "Mama, ile ni ya watalii."

"Mtalii ni nani?"

"Mtu anayetoka mbali kuja kutazama."

"Basi. Mimi natoka Korogwe na sijawahi kutazama."

"Bei yake wanaisema kwa dola."

"Wewe huyo mzungu anakulipa kwa dola?"

"Hapana."

"Basi usinitishe kwa kitu ambacho hata wewe hukijui."

Tumeelewana. Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nimetoa nusu mkononi, na nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Alhamisi, 8 Juni

Amekuja mtu nisiyemjua kutoka Mombo, suti imepigwa pasi, anataka yoti yangu kwa ajili ya harusi. Kumbe mtaani wanasema Mashavu anakodisha yoti. Mimi nimesema nakodi, wao wamesikia nakodisha, na kwa herufi hizo chache nimekuwa tajiri. Nimemkaribisha chai, nikamwambia kwa sasa imekwenda kupakwa rangi.

Jumatano, 14 Juni

Kabuku, kwa Maryamu. Duka liko kando ya lami kabisa, malori yakipita chupa zinagongana rafuni. Nilikaa juu ya gunia la sukari nikamsubiri amalize wateja. Hawaishi. Mkate, betri, sigara moja moja.

"Mama, siwezi kufunga duka hata siku moja. Nikifunga leo, kesho wamehamia kwa jirani."

"Siku moja, Maryamu."

"Hata nusu. Nikiumwa nauza nimelala."

Alinifungulia soda. Nilipomaliza nikatoa fedha nikaweka mezani, kwa hasira tu, nikitaka aniambie mama wewe, rudisha hizo. Akazipokea. Akazitia kwenye droo. Wala hakuwa na ubaya, mkono umezoea. Lakini nimelia ndani ya basi mpaka Segera, na ninaandika hapa ili nisije nikajifanya sikulia.

Jumamosi, 1 Julai

Baridi. Dorkasi ameniazima sweta la mitumba lenye maandishi. Hatujui yanasema nini.

Jumapili, 9 Julai

Mustafa amekuja, hakukaa. "Mama, unanitia aibu. Sokoni wananiita Kapteni."

"Si cheo hicho?"

"Mama!"

Akasema wiki hiyo ya Agosti anafungua belo jipya, hawezi kutoka, na kwamba kama ningenunua mashine ya kusaga sasa hivi ningekuwa mtu. Nikamuuliza sasa hivi mimi ni nini. Akaondoka. Ni mwanangu, nampenda, na leo ningempiga kwa mwiko.

Jumatatu, 10 Julai

Watoto wa mtaa wameanza kuniita Mama Yoti. Nimeitika.

Jumamosi, 22 Julai

Misima. Hii ni mara ya tatu kumwomba kaka Mdoe. Mara ya kwanza Idi, mara ya pili nilimtuma Dorkasi akarudi na kuku na jibu la hapana.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa, nikachukua gunzi na mimi. Tulipukuchua mpaka vidole vikauma. Sanda yake ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Kaka aliinunua mwenyewe mwaka ule wa njaa, akaitia kwenye sanduku la bati miguuni pa kitanda, ili siku yake ikifika asimtie mtu gharama. Kila baada ya mavuno anaitoa kuipigisha jua isiingie nondo. Watoto wa mji ule wamekua wakicheza chini yake, hawaiogopi tena.

Nikamwambia, "Kaka, mimi nakuomba kwa mara ya mwisho. Njoo Pangani."

Akaendelea kupukuchua. "Mashavu, siku ya shida nitakuja hata kwa magoti. Hiyo ndiyo kazi ya kaka. Kwenye mchezo siji."

"Na kama shida yangu ndiyo hii?"

"Shida gani ya mtu kwenda kulala juu ya maji?"

Nilitaka kumwambia kwamba mwili umechoka, kifua kimejaa singa, na ninaogopa kuondoka duniani nikiwa mtu aliyefanya kazi tu. Kwetu maneno kama hayo humwambii kaka. Jua likapungua, akaniambia, "Hebu nianulie kitambaa changu." Nikamwanulia. Nikakikunja vizuri nikamrudishia sandukuni. Nikashika njia.

Ni mtu mgumu. Nimemkasirikia mpaka nimesahau kuchukua kikapu changu.

Jumapili, 23 Julai

Sisemi na mtu.

Jumatatu, 24 Julai

Nimesema na Dorkasi. Nilimwambia nitamrudia Habakuki anirudishie hata robo, nimeshindwa, wamenishinda. Akanitazama kama mashine iliyokata uzi.

"Mama Mustafa, mimi nimeshanunua kofia."

"Tutakwenda wawili tu?"

"Kwani tulipokuwa tunasokota tulikuwa wangapi?"

Ninakwenda. Wakitaka waje, wasipotaka wabaki na maduka yao na mabelo yao na mahindi yao.

Alhamisi, 3 Agosti

Safari. Jua zuri. Nimebeba chapati, maembe ya kutafuta kwa tochi maana si msimu, na robota dogo la kamba. Kamba hii niliisokota mwenyewe wiki ya mwisho, wasimamizi walitupa kila mtu lake la kumbukumbu, nafikiri keki ilikuwa ghali. Nataka ifungwe kwenye yoti, mahali popote, ili nione kwa macho yangu inashikilia.

Tulipofika Segera basi lilisimama muda mrefu, wauza mahindi ya kuchoma wamelizunguka. Upande wa pili lilikuwa linaondoka basi la Handeni, lile linalopitia Kabuku. Dorkasi akasema tuwatumie salamu za mwisho, wasije wakasema hawakuambiwa. Akamtolea kichwa kondakta dirishani na kumpigia kelele, ile sauti yake ya kiwandani: "Ukifika Kabuku kwa Maryamu mwenye duka, na watu wa Misima pia, waambie Jumamosi tunapandisha matanga! Mashavu anawangoja Pangani!"

"Nini Jumamosi?" kondakta akauliza, basi linatembea.

"Matanga! Mashavu! Pangani!"

Akapiga bodi, akaonyesha dole gumba. Amesikia.

Ijumaa, 4 Agosti

Pangani, tumelala kwa shangazi yake Habakuki. Mto huu ndio uleule unaopita kwetu Korogwe. Maji yetu yamefika hapa siku zote hizo, sisi ndio tuliochelewa.

Asubuhi tumekwenda kuiona yoti. Nyeupe, nzuri, ina vitanda viwili vidogo na choo cha kukaa. Nikapanda, nikaanza kushika kamba moja baada ya nyingine. Ya bluu. Ya bluu. Nyeupe inayong'aa. Zote nailoni, laini, hazina harufu.

"Habakuki, za mkonge ziko wapi?"

"Mama, siku hizi hakuna yoti inayotumia mkonge. Hata zamani sijui."

Hata zamani! Basi ile picha ilikuwa inatudanganya mwaka baada ya mwaka, tunamezwa na vumbi tukidhani tumeshikilia familia ya watu. Nikaishika ile kamba ya bluu nikaiambia, kumbe ndiwe uliyenifukuza. Nikakaa chini palepale nikalia, wala si kwa siri. Dorkasi hakusema pole. Alikaa karibu yangu, akavaa kofia yake.

Baadaye nikajipangusa. Kesho nitapanda hivyohivyo. Nimelipia.

Jumapili, 6 Agosti

Naandika leo ya jana, kwa sababu jana sikuwa na mkono wa kuandika.

Asubuhi tulikuwa kando ya mto, mimi na Dorkasi na Habakuki, tunapakia vyombo. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nakula chapati. Ikasikika honi, ikaja harufu ya ng'ombe, nikasema hapa Pangani nako kuna mnada? Likatokea lori la kubebea ng'ombe, vumbi tupu, na nyuma yake watu wamesimama wanaimba dhikri. Mbele amekaa Salaash, mfugaji wa Handeni, rafiki wa kaka Mdoe, mwenye lori. Nikawatambua mmoja mmoja. Mustafa amejifunga shuka kichwani. Maryamu, macho yamevimba. Wake za binamu, majirani wa Misima, sufuria la shughuli, majamvi, kuni. Magunia ya maharage.

Nikajiuliza nani amekufa. Nikaweka chapati chini. Wallahi nilianza kulia kabla hata sijajua namlilia nani.

Kaka Mdoe akashuka. Nimemjua mtu huyu tangu nizaliwe, nilimwona akimzika mama jicho kavu. Jana alikuwa analia kama mtoto, kamasi mpaka kwenye ndevu, na kwapani amebana kifurushi cheupe. Akamwendea Habakuki, akamshika mabega: "Mwanangu, mmeshamwosha? Msimzike. Nimekuja nayo sanda, ni yangu mwenyewe, nzuri, imepigwa jua. Mtupe maiti yetu, Mashavu hazikwi ugenini."

Habakuki akanionyesha kwa kidole.

Kaka akageuka. Mimi nimekaa juu ya ndoo, chapati shavuni.

Maryamu akapiga ukelele akaanguka. Mustafa akasema "Mama" mara nyingi sana. Salaash akasonya, akauliza kwa Kimaasai kitu ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Na Dorkasi, polepole, akafunika mdomo: "Yesu wangu. Matanga."

Ndipo kila kitu kikaeleweka. Yule kondakta wa Segera alifika Kabuku, akampigia Maryamu kelele dirishani: Jumamosi matanga ya Mashavu, Pangani! Na nani Kabuku, akisikia matanga, atafikiria vitambaa vya mashua? Matanga kwetu ni msiba. Maryamu alifunga duka palepale, wateja wamo ndani. Mustafa, alipopelekewa habari na Maryamu, aliacha belo limefunguliwa, watu wanachagua, akaondoka. Salaash alikuwa amepakia ng'ombe kwenda mnadani, akawashusha. Walisafiri wakijua nimezama, maana wote walijua nakwenda baharini, na kila mmoja alikuwa amenikatalia.

Kaka alipopata sauti akaja juu. "Unatuchezea! Umenitoa machozi kuanzia Misima! Nimelia barabarani, Mashavu, mbele ya watoto!"

Na mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga. "Kumbe njia ya Pangani ulikuwa unaijua?"

Akajipangusa ndevu.

"Nimekuomba uje nikiwa mzima, mara tatu, nimekupukuchulia na mahindi. Ukasema huji. Mara moja tu umesikia nimekufa, umekuja na lori! Na wewe Maryamu, duka halifungwi hata nusu siku, leo limefungwaje? Mustafa, belo liko wapi? Nife ndipo nipendwe? Mnasubiri nini? Maharage mliyoyaleta, nikifa nitayala kwa mdomo gani?"

Wavuvi waliokuwa karibu wakaacha nyavu zao wakaja kusikiliza, na mimi sikujali, wasikie. Nikawaambia anayetaka kurudi arudi, lori liko pale, lakini mimi leo matanga yangu napandisha, niwe peke yangu au na watu.

Kaka akatazama ile sanda mkononi mwake. Akaitazama muda mrefu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Hii ilikuwa sanda yake ya pekee. Miaka yote ameitunza hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuishika kwa mikono michafu, na kwangu ameikurupua sandukuni bila kufikiri. Alikuwa tayari yeye azikwe na gunia. Mtu mgumu huyu, nilimwandika hivyo hivi majuzi tu, sasa ninaona haya lakini sifuti.

"Inabeba wangapi hiyo?" akauliza.

Habakuki akasema wachache, wengine wangoje zamu. Wanawake wa Misima wakasema wao watabaki kwanza kupika, sufuria si limeshakuja? Kaka akavua viatu. Akavishika mkononi, akaingia majini na kanzu yake, akakamata ukingo wa yoti kama anayepanda punda. Mustafa akamsukuma nyuma. Maryamu akanishika mkono na hakuniachia tena mpaka jioni, hata nilipotaka kwenda chooni.

Tukatoka mtoni, Habakuki akapandisha matanga. Yalijaa upepo kwa kishindo, Salaash akakumbatia mlingoti na rubega yake, akafumba macho. Mustafa alitapika mpaka akaacha kuwa Kapteni. Jua likawa kali juu ya vichwa. Nikamwambia kaka, "Nipe hiyo."

"Nini?"

"Sanda yangu."

"Ni yangu."

"Ulishanipa."

Akanipa. Nikaikunjua, nikatoa robota langu la kamba, mimi na Dorkasi tukaifunga pembe nne, huku kwenye mlingoti, huku kwenye vyuma, fundo la kiwandani. Kamba yangu ikakaza. Ikashikilia. Tukaingia wote chini yake, kivuli kizuri, baridi, tukamenya maembe. Dorkasi akasema ameona sanda za watu wengi lakini hii ndiyo ya kwanza anayokula chini yake.

Tulirudi pwani kuchukua wengine, tukachukua na maharage, tukatoka tena. Kaka hakukubali kushuka. Alijilaza chali, miguu mitupu, sahani juu ya tumbo, akitazama kitambaa chake kinavyopepea. Wakati fulani alisema, bila kunitazama, "Bati zile, Mashavu. Hazijavuja hata siku moja." Nikamwambia najua.

Alasiri upepo ukazidi. Habakuki akasimama kule nyuma, akapaza sauti kama wanavyosema mabaharia, "Wazee, tuanue matanga turudi kwa injini?"

Tukatazamana wote, maana wote tumeshaanua matanga ya watu, tumekunja majamvi, tumerudi makwetu. Maryamu akanibana mkono.

Kaka Mdoe akainua kichwa, maharage mdomoni.

"Usianue," akasema. "Mwenye matanga bado anakula."